Mitungi ya Siku ya Saba

Bi harusi hatembei haraka. Feruja aliambiwa hivyo mara tatu kabla hawajafika hata kona ya kwanza, na mara zote tatu alipunguza mwendo, kisha miguu ikajisahau tena. Mtungi ulikuwa umefungwa mgongoni kwa kamba ya sufu, mzito na wa moto. Joto la kuskusi lilipenya udongo, likapenya gauni, likamfikia kwenye ngozi, na kila alipokaza hatua aliuhisi mzigo ukimsukuma kwa nyuma kama mtu mwenye haraka zake.

"Taratibu, we mwana!" Melkheri alimnong'oneza. "Watu watasema bi harusi anamkimbia bwana."

"Waseme."

"Watasema ana kiu. Siku saba ndani ya nyumba ya mwanamume na hakupewa hata tone!"

Wanawake wakaangua kicheko, wakapiga vigelegele hadi mlima wa pili ukaitikia. Walikuwa ishirini na mmoja, na mitungi ishirini na mmoja. Melkheri alikuwa mjane wa miaka thelathini ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli. Ndiye aliyepewa kazi ya kuwachekesha, kwa sababu msafara wa bi harusi usiocheka hutiliwa shaka.

Siku ya saba baada ya ndoa, bi harusi wa kijiji cha Tazart hushuka chemchemi na wenzake kuteka maji kwa mara ya kwanza kama mke wa mtu. Mitungi hushuka mitupu na hupanda imejaa. Leo ilishuka imejaa.

Bondeni chini ya chemchemi kulikuwa na wapiganaji arobaini waliotoka msituni, siku tisa hawajatia kitu cha moto mdomoni, wanatafuna tini kavu na kunywa maji ya mvua. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilikuwa kimefungwa mikono. Askari wa kizungu walikuwa wamejikalia shuleni. Walichukua ngano yote ghalani wakawa wanaigawa kwa vibaba, kila nyumba kwa idadi ya vichwa vyake, na moshi ukizidi juu ya paa lako unaitwa kambini kujieleza unampikia nani. Ni jambo moja tu ambalo hata kapteni alikubali kuwa halifanyiki bila moshi, nalo ni harusi. Aliandika kibali mwenyewe: magunia mawili ya ngano, kondoo watatu, siku saba.

Aliyeliwaza jambo hilo alikuwa mama mmoja aliyeitwa kwa heshima Na Dehbiya, binti ya shehe na mjukuu wa shehe, mama yake Muhub, kijana ambaye Feruja alimpenda. Ndiye pia aliyemchagua bi harusi. Alimshika Feruja kidevu mbele ya wanawake wote na kusema, "Huyu. Huyu haogopi." Feruja alikuwa amengojea miaka minne mwanamke yule amtazame usoni bila kukunja pua. Alikubali kabla hajaambiwa bwana harusi ni nani.

Bwana harusi alikuwa Meziani wa kinu cha mafuta, mjane, umri wa miaka thelathini na minane, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine tangu vita vya Italia. Askari walimwacha kwa sababu ya ile nishani yao aliyoining'iniza mlangoni kama hirizi. Ilikuwa harusi ya moshi tu, ya kuwatia changa la macho wazungu. Ndivyo Feruja alivyojiambia siku zote saba. Lakini roho yake ilikuwa juu juu tangu asubuhi, na sababu alikuwa anaijua: Muhub alikuwa miongoni mwa wale arobaini.

Penye nyumba ya mwisho, mkalimani wa kambi alisimama katikati ya njia, bunduki begani. Alikuwa mtu wa nchi hii hii, wa tambarare.

"Simameni. Mbona mmeinama hivyo? Mtungi mtupu haumwinamishi mtu."

Vigelegele vilikatika. Feruja alihisi jasho likimtiririka nyuma ya masikio. Mkalimani alisogea, akanyoosha mkono kuelekea mtungi wake.

"Ndugu yangu," Melkheri alisema kwa sauti ya huruma, "umeoa?"

"Nimeoa. Kwa nini?"

"Una watoto?"

"Wawili."

"Basi hao hao wawili wamshukuru mama yao. Maana mtungi wa siku ya saba unashuka na baraka ya nyumba ndani yake. Mkono wa mwanamume ukiugusa kabla ya maji, bi harusi hazai. Na mwenye mkono..." Melkheri alimshusha macho polepole, kutoka kifuani hadi chini ya mkanda, akatikisa kichwa. "Sisemi mbele ya wasichana. Gusa tu, ndugu yangu. Kila mtu na nasibu yake."

Mkalimani aliutazama mkono wake kana kwamba ameuazima. Kisha akautia mfukoni.

"Piteni," alisema.

Walipita. Mila ile ilikuwa na umri wa dakika moja, na hadi leo wako wanawake wa Tazart wanaoishika.

*

Wanaume hawapiti njia ya chemchemi. Mwenye adabu akilazimika kupita hukohoa tangu mbali. Kwa hiyo hapakuwa na askari pale, na wanawake wanne waliokuwa wametangulia, wamekaa kando ya birika la mawe wakijifanya wanafua, hakuna aliyewauliza kitu. Mmoja alikuwa mrefu kupita kiasi, mabega mapana, kitambaa chekundu kimeshuka hadi kwenye nyusi.

"Mama weee," Melkheri alisema, "huyu naye akiolewa, mlango itabidi ubomolewe."

Mwanamke mrefu hakucheka. Alimrukia wa kwanza aliyefika, akafungua kamba ya mtungi, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko na kutoa tonge la kuskusi lenye maharage na kipande cha nyama, akalitia mdomoni lote huku akifumba macho. Hakuwa amemtazama hata usoni yule aliyemvua mtungi. Njaa haisalimii.

"Muhub," Feruja alisema.

Akafumbua macho.

Miezi kumi na minne hawajaonana. Alikuwa amenyoa masharubu ili avae gauni, na bila masharubu mdomo wake ulikuwa mdomo wa yule kijana aliyekuwa akimrushia lozi mbichi kutoka juu ya ukuta. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Feruja alitaka kuyashika. Muhub alitabasamu na chakula mdomoni. Kisha macho yake yakashuka kwenye mikono ya Feruja, iliyopakwa hina hadi vifundoni, na tabasamu likafa.

"Bi harusi ni wewe?"

"Ni mimi, lakini sikiliza..."

"Tuliambiwa kuna harusi ya Meziani wa kinu. Nikasema Mungu ambariki, mtu mwema, kakaa mpweke miaka mingi. Tangu alfajiri wenzangu wananicheka navyoitamani harusi ya Meziani." Alimeza kwa taabu. "Nimekula harusi yako, Feruja?"

"Ni ya uongo! Ya kupatia ngano. Mngekula nini, mawe? Hakuna hata mtu mmoja aliyenuia."

Wenzake walikuwa wameshaanza kumimina kuskusi kwenye mifuko ya ngozi ya mbuzi, haraka haraka, bila kusema. Muhub alimvuta Feruja nyuma ya ukuta wa birika, na Melkheri akawafuata kuwalindia heshima.

"Fatiha ilisomwa?"

"Ilisomwa. Yule mkalimani alikaa palepale anasikiliza, tungefanyaje?"

"Alisoma nani?"

"Shehe Larbi."

"Walii wako?"

"Baba mdogo. Muhub, unanihoji kama kapteni."

"Mahari ilitajwa?"

 Bangili mbili za fedha zilikuwa mkononi mwake, na zote mbili wakazitazama.

"Basi umeolewa," Muhub alisema.

"Nimekwambia hakuna aliyenuia!"

"Miaka miwili nilikula fimbo kwenye chuo cha zawiya kwa sababu ya vitabu hivi, nisikilize mimi. Kuna mambo matatu ambayo utani wake ni kweli na ukweli wake ni kweli: ndoa, talaka, na kumrejea mke. Ukishayatamka mbele ya mashahidi, nia kaa nayo mwenyewe. Mbele ya Mungu wewe ni mke wa Meziani, sawasawa kama aliyeposwa mwaka mzima. Mama hakuwaambia? Mama hakuwepo?"

Maji yalikuwa yakidondoka birikani. Feruja aliyasikia yote, tone baada ya tone.

"Mama yako ndiye aliyepanga," alisema.

Muhub alitikisa kichwa.

"Wako wasichana tisa Tazart ambao hawajaolewa," Feruja aliendelea, na sauti yake ilikuwa inapanda bila ruhusa. "Tisa. Akanichagua mimi. Akanishika kidevu. Akasema sina woga. Na mimi mjinga nikaona leo ndiyo leo, mama mkwe kanikubali!"

"Mama hawezi."

"Binti ya shehe hajui unayoyajua wewe mwenye miaka miwili ya fimbo?"

 Muhub alikaa juu ya jiwe, gauni limemkaza mapajani, mwanamke mbaya kuliko wote waliowahi kukaa pale. Wakati mwingine Feruja angecheka hadi alie.

"Siku saba," Muhub alisema bila kumtazama. "Unalala wapi?"

"Nyumbani kwake."

"Na yeye?"

"Kinuni. Juu ya magunia."

"Na mimi niamini hivyo."

Hapo Feruja alimgeuzia mgongo. Alivuta ukosi wa gauni chini ya shingo, kwa hasira, mbele ya Melkheri na mbele ya Mungu, akamwonyesha ngozi iliyobabuka pale mtungi ulipokuwa.

"Mimi nimebeba moto mgongoni toka kule juu ili wewe ule. Sasa unataka nikuapie? Ukitaka kiapo, kamtafute mwenye muda."

 Kisha alihisi kiganja kilicholowa maji baridi ya chemchemi kikitua juu ya ngozi ile, taratibu, kikakaa.  Walikaa vile kwa muda wa kusoma Kulhuwallah moja, na Feruja angetoa miaka kumi ya maisha yake muda ule usiishe.

"Kesho tunakwenda mashariki," Muhub alisema nyuma yake. "Mpakani, kuleta silaha. Unajua wangapi wanarudi."

"Usiniambie."

"Kabla ya adhuhuri tutapita juu ya ukingo ule wa mierezi. Paa la kinu linaonekana vizuri kutoka pale. Mwambie Meziani akuache. Kimya kimya, kapteni asijue. Akikuacha, tundika shuka yako nyekundu juu ya paa. Nikiiona nitarudi, hata kwa magoti."

"Na usipoiona?"

Muhub alikuwa ameshausuuza mtungi, ameujaza maji. Aliufunga mgongoni mwa Feruja kwa uangalifu, juu kidogo ili usiguse palipobabuka, na vidole vikachelewa kwenye fundo.

"Nisipoiona, sitakuwa na haraka ya kurudi," alisema.

*

Na Dehbiya alikuwa amekaa uani kwa Meziani, anachambua maharage kwenye ungo, mgongo umenyooka kama wa mtu anayesubiri kupigwa picha. Aliwaacha wanawake wengine wapite, akangojea Feruja atue mtungi.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amekonda?"

"Amekonda."

"Alikula?"

"Alikula, Na Dehbiya. Alikula hadi aliposikia anakula harusi ya nani."

Vidole vya yule mama vilisimama juu ya ungo, mara moja tu, kisha vikaendelea.

"Ulijua," Feruja alisema. "Ulijua Fatiha haina mzaha."

"Mimi ni binti ya shehe Amara. Nilijua kabla baba yako mfua chuma hajazaliwa."

"Ungeniambia!"

"Ungekataa. Na watu arobaini wangelala njaa siku ya kumi." Aliinua macho, na hayakuwa na aibu wala furaha. "Nina mtoto mmoja, Feruja. Nilizika watatu. Watu wa zawiya, koo za mashehe, hawaoi kwa wafua chuma, na mimi sikuweka hiyo sheria, niliikuta. Nimewalisha wanaume arobaini, na nimemlinda mwanangu. Mungu atanihesabia lipi kati ya hayo mawili, nitajua hukohuko. Wewe sasa una nyumba, una mume, una mafuta mwaka mzima. Mke wa mtu tulia kwa mumeo."

 Feruja angesema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na yalikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, lakini mlango wa kinu uligongwa kidogo kwa kidole. Meziani alikuwa na tabia hiyo. Alibisha hodi hata kwenye nyumba yake mwenyewe. Aliingia akiburuza mguu, mikono myeusi ya zeituni hadi kwenye viwiko, akabaki kizingitini.

"Samahani, Na Dehbiya. Sauti zenu zimezidi ya jiwe la kinu."  Hakuwa mtu wa maneno mengi, na alipoyatoa aliyatoa kama anayehamisha magunia. "Wewe umesoma kuliko sisi wote. Lakini kuna mlango mmoja umeusahau."

"Mlango gani?"

"Kabla hatujaingia kwa mashahidi nilimwambia shehe Larbi, na baba mdogo wa Feruja yupo: naoa kwa sharti. Amri ya talaka nimeiweka mkononi mwa Feruja. Siku atakayotaka kutoka, aseme mwenyewe, itakuwa imepita. Shehe aliniuliza mara mbili kama nimechanganyikiwa. Kisha akasema inajuzu."

Harage moja lilianguka kutoka ungoni, likabiringika hadi kwenye mguu wa Feruja. 

"Mwanamume gani," Na Dehbiya alisema, "anayempa mwanamke kisu na kumwonyesha shingo yake?"

"Kilema, labda," Meziani alisema.

Na Dehbiya alikusanya ungo wake akatoka, bila kuaga, bila kugeuka nyuma. Feruja alibaki amesimama, na ghafla hakujua mikono yake iwekwe wapi.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniogopa. Ningekwambia ningeonekana natafuta shukrani." Alijifuta mikono kwa tambara, isifutike. "Kama unataka kusema, sema hata sasa. Mimi narudi kusaga, sitasikia kitu."

"Meziani. Kwa nini?"

Alifikiri. Alipofikiri aliutazama ule mguu wake.

"Italia, hospitalini, daktari mmoja aliniuliza: tuukate au tuuache? Nikamwambia uache. Umri wote huu, ndiyo siku pekee ambayo mtu aliwahi kuniuliza mimi nataka nini. Baba hakuniuliza aliponiozesha. Jeshi halikuniuliza liliponichukua." Aligeukia mlango. "Ni kitu kizuri, kuulizwa. Nilitaka na wewe ukione."

Akaondoka. Jiwe la kinu lilianza tena kuzunguka, zito na la polepole, na Feruja alikaa chini penye lile harage lililoanguka. Neno lilikuwa ni moja tu. Angelisema pale pale na kuwa huru. Alijiambia atalisema akishapumzika. Alijiambia atalisema baada ya swala, kisha baada ya kulisha mbuzi. Kulipokucha alikuwa hajalisema, na hakuwa amelala.

*

Asubuhi aliitoa shuka sandukuni, nyekundu, ya mistari ya manjano na nyeusi, akaikunja, akaikunjua, akaikunja. Jua lilikuwa limeshafika kwenye kizingiti. Alipanda ngazi ya paa hadi katikati akashuka tena. Kuitundika kungesema yuko huru, na hakuwa huru bado. Kusema neno kulikuwa rahisi, na hakujua kwa nini kila alipofungua mdomo alimwona mtu akibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Bado hujaitundika."

Na Dehbiya alikuwa mlangoni. Feruja hakuwahi kumwona bila kitambaa chake cha hariri kichwani, na leo alikuwa amejifunga cha jikoni, upande.

"Nani alikwambia?"

"Melkheri. Nani tena?" Aliingia, akakaribia, na jambo ambalo Feruja hakulitarajia hata ndotoni likatokea: mama yule mwenye mgongo ulionyooka akakaa chini sakafuni, miguuni pake. "Itundike, mwanangu."

"Jana ulisema nitulie kwa mume wangu."

"Jana sikuwa najua ameweka sharti gani. Usiku kucha namwona mwanangu anatembea juu ya ukingo ule, anageuza shingo." Alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Mume wangu alikwenda vitani mwaka ule tumegombana. Mtu asiye na wa kumrudia hajilindi, Feruja. Hainami risasi ikipita. Mtundikie. Hata kama ni uongo. Akirudi hai muoane, niwatandikie mimi mwenyewe. Nitawatangulia na ngoma mbele ya zawiya nzima."

Miaka minne Feruja alikuwa ameyaomba maneno hayo. Aliyasali, aliyaota, aliyasema peke yake akifua. Sasa yalikuwa yamekaa sakafuni mbele yake, yanalia, na hayakumfurahisha kama alivyodhani. Alimhurumia yule mama, akamchukia kwa kumhurumia. Alimwinamia akamshika mikono yote miwili.

"Inuka, mama. Utapata baridi."

Kisha akapanda ngazi hadi juu.

Upepo ulikuwa mkali. Alifunga shuka kwenye mti wa kuanikia tini, mafundo mawili, ikapepea. Juu ya ukingo wa mierezi hakuonekana mtu, mawe tu na theluji ya jana. Alisimama pale akitazama hadi macho yakamwuma. Hatimaye, kati ya mti na mti, kitu chembamba kilipita, kikasimama. Kilisimama kwa muda wa kusoma Kulhuwallah moja. Kisha kikaendelea mashariki, na kilikwenda mbio, kama mtu mwenye haraka ya kurudi.

Feruja alilia. Alilia kwa sauti, peke yake juu ya paa, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu alikuwa amemwambia kitu ambacho hakukijua kama ni kweli.

Aliposhuka, Na Dehbiya alikuwa ameondoka. Jiko lilikuwa limepoa. Aliinua kifuniko cha chungu kikubwa, kile kilicholisha kijiji kizima siku saba na wale arobaini siku ya mwisho, na chini kabisa palibaki kuskusi ya mtu mmoja, imegandia kidogo ukingoni. Akakumbuka. Katika harusi ile walikula askari, alikula mkalimani, walikula wapiganaji, watoto na mbwa. Hakukumbuka hata mara moja kuona sahani ikiwekwa mbele ya bwana harusi.

Aliipasha moto. Akaitilia mafuta mapya juu, ya kijani, akachukua kijiko cha mti, akavuka ua.

Meziani alikuwa amesimamisha jiwe. Mlango wa kinu ulikuwa wazi, na kivuli cha shuka kilikuwa kinacheza kwenye ardhi ya ua, mbele ya miguu yake. Alikitazama, hakumtazama yeye.

"Umeitundika," alisema.

"Nimeitundika."

Alitikisa kichwa polepole. Alitafuta tambara lake, akajifuta mikono isiyofutika.

"Melkheri ameniambia maana yake. Basi umeshalisema neno. Ni vizuri. Nitazungumza na shehe, tulifiche hadi kapteni aondoke."

Feruja aliweka sahani juu ya jiwe la kinu. Akakipangusa kijiko kwa ncha ya mkono wa gauni lake la harusi, akampa.

"Sijalisema," alisema. "Kula, kitapoa."